Treni ya Msalaba Mdogo

Ukitakiwa kumpeleka mtu Italia, usianzie uwanja wa ndege. Anzia mlangoni kwa mama yake. Andika mama anakaa wapi, tafuta treni ya mwisho inayopita karibu na mlango huo, kisha ile itakayomfikisha kwenye hiyo, na hivyo hivyo urudi nyuma hadi Roma, hadi Nairobi, hadi hapa Mbeya. Ukianzia huku kwetu utapata abiria aliyefika Roma vizuri sana na kukwama hapo. Nimewaambia haya vijana wote waliokuja ofisini baada yangu, na ninyi mnaopanga safari kwa mashine nawaambia vilevile. Mashine haitakuuliza kama abiria ana haraka ya nini.

Mimi nilikuwa karani wa safari Mbeya katika miaka ya hamsini. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye kaunta, mizani ya mizigo, kabati la vitabu vya ratiba na saa mbili ukutani. Moja ilikuwa na saa za kwetu, ya pili niliirudisha nyuma saa mbili ili iwe ya Roma, maana wateja wetu wengi wa ndege walikuwa wamisionari wa Kiitalia. Watu waliokuja kukata tiketi ya basi la Iringa walikuwa wakiniambia, bwana, saa yako moja mbovu. Mwanzoni nilieleza. Baadaye nilichoka, nikawa naitikia tu kwamba fundi anakuja.

Na niseme jambo nililolificha miaka mingi. Nilipanga treni za Italia karibu miaka minne kabla sijaiona treni kwa macho. Mbeya haikuwa na reli wakati ule. Ya karibu ilikuwa Itigi, huko kwa kupitia Chunya, na ukifika nguo zako zote zimekuwa rangi moja na barabara. Nilijua treni ya kutoka Roma kwenda Torino inasimama wapi na kwa dakika ngapi, lakini ungeniuliza mlango wa behewa unafunguka kwa ndani au kwa nje, ningekutuma kwa mwingine. Siku nilipopelekwa Itigi kupokea mizigo nikaliona lile dude linaingia stesheni, nilisogea nyuma ya nguzo. Mpagazi mmoja akaniuliza kama mimi ni mgeni wa treni. Nikamjibu kwamba mimi ndiye ninayezipanga. Alicheka mpaka akatua mzigo chini.

Aliyenifundisha kazi ni karani mkuu, Bwana Pinto, Mgoa mfupi aliyeweka penseli sikioni hata alipokuwa anakwenda kanisani. Alikuwa mkali bila kupaza sauti. Ukikosea, alikuwa anakurudishia karatasi na kuanza kuchonga penseli yake, na wewe unasimama hapo unasikiliza kisu kinavyokwangua mti mpaka ulione kosa mwenyewe. Siku nyingine penseli ilikuwa inaisha.

Kanuni zake nilizipata moja moja, nyingi kwa aibu. Kanuni ya mizigo niliipata kwa Mgiriki wa Chunya, mchimba dhahabu, aliyekuwa anakwenda kwao kwa kupitia Roma, halafu treni hadi Brindisi, halafu meli. Nilimpangia ndege itue, na baada ya dakika hamsini awe ndani ya treni. Kwenye karatasi ilipendeza. Sikujua kwamba uwanja wa ndege wa Roma uko nje ya mji, wala sikufikiria kwamba yule bwana anasafiri na sanduku la mawe. Treni ilimwacha, na meli ikamwacha. Aliporudi alikuja moja kwa moja kaunta akaniuliza kama nimewahi kukimbia na sanduku la mawe. Bwana Pinto aliniambia niandike kwenye daftari langu kwamba mzigo nao ni abiria, tena abiria mzee.

Kanuni ya pili ilikuwa hii: mtu akishuka kwenye ndege, treni ya kwanza usimpe. Mpe ya pili. Akiiwahi ya kwanza, hiyo ni bahati yake. Ndege za siku zile zilitua Khartoum, zikatua kwingine, zikangoja injini ipoe, na hakuna aliyeomba radhi. Mpe mtu nafasi ya kunawa uso, ale, aulize njia. Kanuni hii niliipenda mno, na ndiyo iliyokaribia kuniharibia.

Kanuni ya tatu ni alama. Kitabu cha ratiba cha treni za Ulaya kilijaa alama ndogo kuliko punje za ulezi. Nyundo mbili zilizopishana ni treni ya siku za kazi tu. Msalaba mdogo ni treni ya Jumapili na sikukuu tu. Bwana Pinto alinipa kioo cha kukuza akaniambia kwamba saa inasomwa na kila mtu, karani anasoma alama. Hilo nilijua kulifanya. Nilikuwa nalifanya vizuri hata nikawa najisifu kwa wenzangu kule Mwanjelwa nilikopanga chumba.

Sasa niwaeleze kuhusu kalenda. Nyuma ya kiti cha Bwana Pinto kulikuwa na kalenda kubwa, kila mwezi picha ya mtakatifu, ambayo dada yake alimletea kila mwaka. Alikuwa anaitazama mara kwa mara wakati anapanga safari, nami nilidhani anasali. Mimi ni Mmoravian wa Rungwe. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na nyumbani kwetu ukutani palikuwa na fremu moja tu, ya mstari wa Biblia. Picha zile zilinikera, na kwa kuwa yeye alikuwa mkubwa wangu nilinyamaza.

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa Januari, Bwana Pinto akaenda likizo kwao Goa, likizo ndefu ya kusafiri kwa meli. Aliniachia funguo, mihuri na kabati. Asubuhi ya kwanza ya ukubwa wangu niliitungua ile kalenda nikaiweka droo ya chini kabisa, na mahali pake nikatundika kalenda ya kampuni ya chai yenye picha ya mashamba ya Mufindi. Nilijiambia kwamba ofisi ni ya watu wote. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kiburi, na nilifurahia kuona ukuta ule umekuwa wangu.

Katika mwezi wa pili wa mwaka huo akaja Bruda Tomaso. Alikuwa Mwitalia, seremala wa misheni moja nje ya mji wa Iringa, mwenye umri wa kama miaka hamsini na tano, na mikono yake ilikuwa mipana kuliko kitabu changu cha ratiba. Alikuwa hajaenda kwao miaka ishirini na miwili. Kihehe alikijua kuliko Kiswahili, na Kiingereza hakukijua kabisa. Alitoa barua mfukoni akaniwekea kaunta, akasahau kwamba siwezi kuisoma, kisha akanieleza. Dada yake ameandika kwamba mama yao hatoki kitandani tangu Krismasi. Daktari anahesabu wiki. Mkuu wake amempa ruhusa ya miezi mitatu.

"Karani," akaniambia, "nipange nimkute anasema. Kukuta kaburi naweza hata mwaka kesho."

Nilifanya alivyonifundisha Bwana Pinto. Nilianzia mlangoni. Kijiji kilikuwa milimani, mbele ya Torino, na kilihudumiwa na reli ndogo iliyopanda mara moja tu kwa siku. Treni hiyo ilikuwa na alama ya nyundo, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Nikarudi nyuma. Nafasi ya ndege iliyopatikana mapema ilikuwa ya kuondoka Nairobi Jumanne jioni, tarehe kumi na saba Machi, na kutua Roma Jumatano mchana. Kulikuwa na treni ya saa tisa na nusu mchana, lakini hiyo ilikuwa ya kwanza, nikaiacha. Nikampa ya pili, ya jioni, alale humo, afike Torino asubuhi, abadilishe bila kukimbia, na saa tano na dakika ishirini ya Alhamisi awe kwenye reli ndogo. Saa sita mchana yuko kwa mama yake. Nilikagua alama kwa kioo. Nyundo, siku ya kazi. Alhamisi ni siku ya kazi. Niliandika kila kitu kwa Kiswahili, kwa hati nzuri, nikapiga muhuri.

Bruda alipoona tarehe ya kufika, kumi na tisa Machi, alitabasamu akaigusa kwa kidole. Nikadhani anafurahia kazi yangu.

Jumanne ile ya safari, kama saa tatu asubuhi, lori la misheni likasimama mbele ya ofisi. Dereva wake alikuwa Mhehe mmoja mtu mzima, Yosefu, niliyemfahamu kwa kuja kuchukua vifaa. Jumatatu alikuwa amempeleka Bruda uwanja wa Iringa, akamwona akipanda ndege ndogo ya Nairobi, halafu akaanza safari ya kuja Mbeya kuchukua misumeno iliyofika kwa basi.

"Kamwene, karani," akanisalimu. "Nipe mizigo yangu haraka. Alhamisi lazima niwe nyumbani."

Nikamwuliza kuna nini Alhamisi.

"Siku ya somo wangu. Mtakatifu Yosefu. Karakana yote inafungwa, hakuna kushika randa, maana yeye alikuwa seremala. Tuna misa, halafu tunakunywa ulanzi wa mianzi. Bruda kasikitika kutuacha, lakini anasema mwaka huu ataila sikukuu kwa mama yake."

Nilikuwa naandika stakabadhi. Nikaweka kalamu chini. Nikamwuliza polepole kama sikukuu hiyo ni ya misheni yao tu, au na kule Italia wanaifuata.

Yosefu alinitazama kama mtu aliyeulizwa mvua inanyesha juu au chini. "Karani, hii si ya Iringa. Wao ndio waliotuletea. Bruda anasema kwao siku hiyo hata duka halifunguliwi."

Nikafungua droo ya chini. Niliitoa kalenda ya Bwana Pinto, nikafunua hadi Machi, na tarehe kumi na tisa ilikuwa nyekundu. Pembeni yake, kwa penseli, kwa mwandiko wa Bwana Pinto ninaoujua, palikuwa pamechorwa nyundo mbili ndogo na mstari umekatwa juu yake. Alichora hivyo katika kila sikukuu ya mwaka mzima. Alikuwa ameniandalia kabla hajaondoka. Hakuniambia, maana kwake yeye ilikuwa sawa na kumweleza mtu Jumapili ni siku gani, na kwa vyovyote kalenda ilikuwa ukutani, mahali ambapo kila mwenye macho angeiona.

Niliona aibu, na baada ya aibu nikaona woga. Alhamisi ile treni ya nyundo isingekwenda. Bruda angesimama kwenye stesheni ndogo chini ya mlima mpaka Ijumaa, na barabara ya juu mwezi huo bado ina theluji. Nilimwona yule mzee na mikono yake mipana ameketi kwenye benchi, mama yake yuko juu, na karatasi yangu yenye muhuri mkononi.

Yosefu aliniuliza kama naumwa. Nikamweleza yote, na droo pia. Hakunitukana. Aliuliza swali moja tu, kama hakuna gari lingine siku hiyo.

Hapo ndipo nilipochukua kioo. Mstari wa chini kabisa wa ukurasa ule, ambao sikuwahi kuuhitaji, ulikuwa na msalaba mdogo. Treni ya sikukuu ilipanda saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi. Kwa mpango wangu asingeiwahi. Lakini kama angepanda Roma ile treni ya kwanza, ile niliyomnyima kwa sababu ya kanuni, angefika Torino Jumatano hiyo hiyo, angengoja stesheni, na asubuhi angepata gari la mapema hadi reli ndogo. Kutoka ndege kutua mpaka treni kuondoka angekuwa na saa mbili na nusu, kama ndege haikuchelewa. Nilikuwa na mpaka jioni kumwambia.

Tulikwenda posta, mimi na Yosefu, nikaacha ofisi wazi, jambo ambalo Bwana Pinto angelichongea penseli mbili. Karani wa simu za maandishi akatuambia waya umekatika tangu jana, mti umeuangukia upande wa Igowole, mafundi wako njiani. Akasema tuandike tu, utakapounganika atapeleka. Tuliandika kwa Kiswahili, kwenda ofisi ya ndege Nairobi, apewe abiria Bruda Tomaso. Maneno yalikuwa haya: ROMA USIPUMZIKE PANDA TRENI YA KWANZA SAA TISA NA NUSU. TORINO NGOJA. ASUBUHI PANDA YA MSALABA. YA NYUNDO HAIENDI. Nilitaka kuweka jina langu. Yosefu akasema weka la kwangu, atajua sababu. Tukaandika YOSEFU.

Waya uliunganika saa nane mchana. Zaidi ya hapo hatukujua. Nairobi hawakujibu, na Yosefu aliondoka na misumeno yake. Sijui kama aliwahi ulanzi wake.

Vijana, kuna kungoja kwa namna mbili. Kuna kungoja jambo lako, na kuna kungoja jambo la mwenzako uliloliharibu wewe. Nilikaa hivyo tangu Machi mpaka Juni. Niliirudisha kalenda ukutani, kwa kijimsumari kile kile, ikaning'inia upande. Kila nilipomwona mtu wa Iringa nilitaka kuuliza, nikaogopa jibu. Mwezi wa tano Bwana Pinto akarudi. Nilimweleza kabla hajavua kofia. Alisikiliza mpaka mwisho, na safari hiyo hakutoa kisu.

"Nilikuachia vitabu vitatu," akasema. "Ratiba ya ndege, ratiba ya treni, na hicho kilichoko ukutani. Wewe ukatumia viwili."

Akanipa kazi ya kunakili sikukuu zote za Italia nyuma ya jalada la ratiba, kwa wino. Nilizinakili. Nilikuwa nazifanya upya kila mwaka mpaka naacha kazi, na nikaongeza za Ugiriki, za Ufaransa na za Waislamu, kwa sababu watu wanasafiri kwenda mahali palipo na watu, na watu wana siku zao.

Katikati ya Juni lori likasimama tena. Yosefu alibaki kwenye usukani. Aliyeshuka ni Bruda Tomaso, amekonda kidogo, na kwenye mkono wa kanzu yake palishonewa kitambaa cheusi. Nilikiona kitambaa kabla sijamwona uso, nikashika kaunta.

Aliketi, akaanza kunieleza bila kuulizwa. Karatasi yetu aliipata Nairobi, mlangoni pa ndege. Kule Roma aliiwahi treni ikiwa imebaki dakika saba. Alikaa Torino juu ya sanduku lake mpaka kukapambazuka, na treni ya msalaba aliikuta imejaa watu waliovaa nguo za kanisani. Alifika kwa mama yake kabla kengele ya misa haijapigwa. Mama alimtambua. Waliongea siku nzima, alimlisha supu kwa kijiko, akamweleza habari za Wahehe na za mbao za huku. Alfajiri ya Ijumaa mama akafariki.

Mnaweza kupiga hesabu wenyewe. Treni ya nyundo ya Ijumaa ingemfikisha saa sita mchana.

Alidhani nilikuwa nimegundua njia bora zaidi nikamtumia. Alikuja kunishukuru. Ningeweza kuitikia, na Bwana Pinto, aliyekuwa meza ya pili, asingesema neno. Lakini nilishindwa. Nilimwambia kwamba kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, kwamba niliitungua kalenda kwa sababu sikupenda picha za watakatifu wao, na kwamba kama Yosefu asingekuwa na haraka ya kwenda kwenye sikukuu yake, yeye angemkuta mama yake ameshafariki.

Bruda akainuka, nikadhani anaondoka. Alizunguka kaunta akasimama mbele ya kalenda, akaitazama ilivyoning'inia upande, akakigusa kile kijimsumari, kikatoka na kuanguka sakafuni. Akatoka nje hadi kwenye lori. Alirudi na nyundo na msumari mrefu wa inchi nne, akaupigilia ukutani mapigo matatu, akaitundika kalenda, akarudi nyuma hatua moja kuangalia kama imenyooka.

"Mama aliniuliza nani alinipangia safari," akasema, mgongo wake ukiwa bado kwangu. "Nikamwambia kijana mmoja wa Mbeya. Akauliza, ni Mkatoliki? Nikasema hapana. Akafikiri. Akasema, basi mshukuru hivyo hivyo."

Akanipa mkono, akaenda zake Iringa.

Kalenda zilibadilika kila mwaka. Bwana Pinto alistaafu, mimi nikakaa kwenye kiti chake, na siku nami nilipostaafu nilibeba kioo changu cha kukuza na daftari. Msumari niliuacha ukutani.